Watu Watano na Mifuko Kumi



Mfuko wa saruji una kilo 50. Naanza na saruji kwa sababu leo tunazungumzia pikapu ya milango minne, dabokebini kama tunavyoiita mitaani, na swali ninaloletewa mara nyingi kuhusu gari hili ni moja tu: ninunue ipi? Mtu anakuja na majina matatu manne kwenye simu, picha ameshapiga yadi, rangi ameshaichagua moyoni. Mimi namuuliza: kwa wiki unabeba mifuko mingapi, na unambeba nani? Wengi hapo huanza kukuna kichwa.

Anayeuliza namjua hata kabla hajajitambulisha. Ni fundi aliyeanza kupata tenda za kujenga madarasa, au bwana shamba aliyejiajiri, au mama mwenye duka la pembejeo Njombe na shamba la parachichi nje kidogo ya mji. Siku za kazi anataka gari lifike saiti na mzigo. Jumamosi kuna msiba Songea, Jumapili kuna kanisa, mwisho wa muhula kuna mtoto wa kuchukuliwa bweni na sanduku lake na godoro lake. Hela ya magari mawili haipo. Hapo ndipo dabokebini inapoingia, gari linaloahidi yote hayo kwa kadi moja.

Haya, tupige hesabu. Chukua pikapu ya kawaida ya daraja la Hilux au D-Max, ya dizeli, fowili, yaani inayovuta matairi yote manne. Uzito inaoruhusiwa kubeba, kulingana na toleo, unacheza kati ya kilo 850 na tani moja na ushei. Tuseme 950. Watu wakisikia "gari la tani moja" wanaishia hapo. Wanadhani tani hiyo yote ni ya mzigo wa nyuma. Siyo. Ndani ya zile kilo 950 yumo dereva, wamo abiria, limo bampa la chuma ulilofunga mbele ili uonekane, imo na kanopi. Watu wazima watano kwa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Bampa na kanopi, toa kama mia nyingine. Zimebaki 500. Mifuko kumi ya saruji, msikilizaji. Si ishirini, wala si thelathini kama ya zile pikapu unazoziona zinapanda mlima Kitonga pua ikitazama mbinguni na taa za mbele zikimulika matawi ya miti.

Mchanga ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu haujazi macho. Bodi ya dabokebini ina urefu wa karibu mita moja na nusu, upana unaokaribia huohuo, na kimo cha karibu nusu mita. Hiyo ni kama mita moja ya ujazo. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na mchanga ukiwa umelowa inazidi. Maana yake ukijaza mchanga usawa wa ukingo tu, bila kurundika, umeshapita uwezo wa gari hata kama umekaa ndani peke yako. Na hapo sijagusa viazi vya Makete kwenye magunia ya lumbesa, ambayo anayeyashona tu ndiye anayejua kilo zake.

Kwa hiyo gari hili linaweza kubeba familia, na linaweza kubeba mzigo wa maana, ila haviendi pamoja kwa ukamilifu. Anayeelewa hivyo kabla ya kununua ataishi nalo vizuri sana. Asiyeelewa atafundishwa na springi.

Nikikupa historia kidogo utaona mambo yalianzia wapi. Mwaka 1957 kampuni ya International Harvester ya Marekani ilitoa Travelette, lori dogo lenye kebini ndefu ya kukalisha watu sita. Mwaka uliofuata, 1958, Volkswagen ya Ujerumani ikaleta ya kwake, ile ya umbo la kombi yenye kebini ya safu mbili na bodi fupi nyuma. Wanunuzi walikuwa watu wa barabara, wa umeme, wa reli, wa ujenzi. Mpango ulikuwa mwepesi: gengi la wafanyakazi likae mbele pasipo na mvua, sururu, kamba na ngazi vikae nyuma. Watu na zana zao. Hakuna aliyekuwa anawaza watu watano pamoja na tani ya mahindi. Mambo ya viti vya ngozi na spika sita yalikuja baadaye sana, na ukweli ni kwamba mpaka leo gari hili linafanya vizuri zaidi kazi ileile ya 1958: fundi, vijana wake wanne, jenereta, mashine ya kuchomelea na sanduku la vifaa. Kwa kazi hiyo hakuna gari linalolishinda.

Tatizo jingine ni urefu. Mbao za Mafinga zinauzwa za futi 12, sawa na mita tatu na sentimeta 66. Bati la kawaida ni mita tatu. Nondo ni mita 12, hata ukizikunja bado. Ubao wa playwudi ni futi nane kwa nne. Sasa leta vyote hivyo kwenye bodi ya mita moja na nusu. Mbao utaishia kuzilaza zimeegemea juu ya kebini, au kufungua mlango wa nyuma na kuziacha zining'inie na kitambaa chekundu mwishoni. Playwudi nayo ina kituko chake: upana wake ni mita 1.22, na kwenye pikapu nyingi nafasi kati ya vifuniko vya matairi mle ndani ya bodi ni mita 1.1 tu na chembe. Hailali sakafuni. Itakaa juu ya vile vifuniko, imeacha uwazi chini, na ukiiwekea kitu kizito juu inapinda. Amarok tangu ilipotoka 2010, na Ranger mpya ya 2022, waliliona hilo wakapanua nafasi. Kwa seremala, sentimeta hizo kumi na mbili ni sababu nzuri zaidi ya kuchagua gari kuliko ukubwa wa skrini. Nenda yadi na futi kamba. Dalali atakucheka, mwache acheke.

Singokebini ya daraja hilohilo ina bodi ya mita mbili na sentimeta 20 au 30. Inakula mbao vizuri, inabeba kilo zaidi, na bei yake iko chini. Ndiyo maana mtu akiniambia anabeba mzigo siku nne kwa wiki na familia Jumapili tu, namwambia bila kumung'unya maneno: nunua singokebini iliyochoka kidogo na kigari kidogo cha mtumba cha Jumapili. Huwa hapendi jibu hilo. Analotaka mara nyingi si usafiri tu, ni heshima ya kushuka kwenye gari refu mbele ya mteja, na mimi siidharau heshima hiyo. Mkandarasi anayefika saiti na gari lenye sura analipwa kabla ya anayefika na bodaboda. Ila basi aihesabu kama gharama ya biashara, asijidanganye kwamba inahusu mbao.

Twende chini ya gari sasa, huko ndiko kwenye mambo.

Kebini ya safu mbili inaisogeza bodi nyuma. Kwenye singokebini ekseli ya nyuma iko karibu na katikati ya mzigo. Kwenye dabokebini sehemu kubwa ya mzigo iko juu ya ekseli na nyuma yake. Ukirundika kitu kizito karibu na mlango wa nyuma, gari linabonyea nyuma na kunyanyuka mbele. Usukani unakuwa mwepesi mno, matairi ya mbele hayashiki vizuri, na chesisi inavutwa kupinda palepale kebini inapokutana na bodi. Ukitaka kujua dabokebini ya mtumba iliishije, simama pembeni yake hatua kadhaa na utazame mstari wa uwazi kati ya kebini na bodi. Uwazi ukiwa sawa juu na chini, vizuri. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, au kinyume chake, chesisi imeshakunjwa, na rangi mpya ya kung'aa haiwezi kuinyoosha. Tazama na upande wa pili, kisha ndipo ufungue boneti.

Wengi hujibu tatizo la kubonyea kwa kuongeza springi. Nyuma kuna vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Fundi anakuongezea viwili, gari linanyanyuka, wewe unafurahi. Lakini chini ya Hilux nyingi za miaka ya nyuma kuna mkono mwembamba wa chuma, usiozidi unene wa kidole, unaounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki. Kazi ya vali ile ni kusoma mzigo. Nyuma ikishuka, inaelewa gari limepakia, inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Nyuma ikinyanyuka, inaelewa gari ni tupu, inapunguza nguvu ili matairi mepesi yasijifunge na gari likaserereka. Ukiongeza springi bila kuurekebisha mkono ule, gari lina tani nzima mgongoni na vali inaamini halina kitu. Breki za nyuma zinalegea siku ile hasa unapozihitaji, kwenye mteremko wa Sekenke au kushuka kutoka Lushoto. Fundi mzuri atauona mkono huo na kuugusa. Wa haraka ataupita, au ataufunga kwa waya.

Na usitegemee mizani ikuokoe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inahusu magari ya uzito wa kilo 3,500 na kuendelea. Pikapu yetu, kwa makaratasi, iko chini ya hapo, hivyo inapita mizani ya Mikese, hakuna anayeiuliza. Kinachokupima ni beringi, springi na matairi.

Sasa upande wa pili wa springi hizo. Gari lililotengenezwa kubeba kilo 950 likiwa tupu linaruka. Kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo, nyuma nyepesi inadundadunda na kukwepa pembeni kwenye kona, na mwendo wa kilometa 80 kwa saa ambao kwenye lami ni wa kistaarabu, kule unakuwa wa hatari. Navara ya NP300, iliyotoka 2014, katika masoko mengi dabokebini yake imewekwa springi za koili nyuma badala ya vyuma bapa. Ukiwa tupu utahisi tofauti mgongoni kwako. Ukiipakia sana inakaa chini mapema kuliko wenzake. Kwa mtu ambaye mzigo wake ni laptopu, sampuli za udongo na wenzake wawili, hiyo ni sifa nzuri. Mtu wa saruji aiache.

Kuna ujanja mmoja wa yadi ninaotaka ukae nao macho. Thailand, nchi inayotengeneza pikapu nyingi kuliko karibu nchi zote, wanauza dabokebini ndefu, zimeinuliwa, matairi makubwa, na hazina fowili. Toyota waliziita Prerunner, Isuzu wanaziita Hi-Lander. Ukiziona kwa mbele huwezi kuzitofautisha na zile zinazovuta matairi manne. Zimekuja nyingi tu huku kwetu, na siyo magari mabaya. Kwa anayekwenda Morogoro na kurudi kwa lami ni nafuu zaidi, hata mafuta zinakula kidogo. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya fowili kisha ukaja kugundua mwezi wa Machi kwenye udongo mweusi wa Kilombero. Inama. Tazama chini ya injini. Gari la fowili lina difu mbele, na shafti mbili zinazotoka pale kwenda kwenye matairi, na propela inayorudi kwenye gia boksi. Kama kule mbele kuna uwazi tu na vyuma vya kushikilia magurudumu, umeona unachouziwa. Kitufe kwenye dashibodi si ushahidi.

Na ukipata fowili yenyewe, ujue ni ya aina gani. Hilux, D-Max na nyingi za daraja hili, ukiweka fowili ekseli mbili zinafungwa zizunguke sawa. Hiyo ni kwa matope, mchanga na utelezi. Kwenye lami kavu inakaza mitambo, gari linagoma kukata kona, na mwishowe kitu kinakatika. Nimeona watu wanaendesha fowili kutoka Dodoma hadi Singida kwa lami eti gari litulie. Mitsubishi kwenye baadhi ya L200 wameweka mfumo unaoruhusu fowili hata kwenye lami, na baadhi ya Amarok zinavuta matairi manne muda wote. Kwa anayeishi kwenye mvua na milima, Tukuyu kwa mfano, ni jambo la kulipia.

Gari linatoka wapi? Hapa kuna hadithi ambayo madalali hawaipendi. Utaambiwa, "Mzee, hii Hilux ya 2010 imetoka Japani, haijaguswa." Toyota waliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, wakairudisha 2017, na hiyo ya 2017 wakawa wanaiagiza kutoka Thailand. Katikati ya miaka hiyo Wajapani wenyewe hawakuwa na Hilux mpya ya kununua. Inaweza kupitia mikononi mwa msafirishaji wa Japani, sawa, lakini haikuzeeka kwenye barabara za Japani. Dabokebini za usukani wa kulia za miaka hiyo zimetoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza, Australia. Kila moja ina tabia ya mahali ilipokulia. Ya Thailand huenda ilifanya kazi kwelikweli. Inua kapeti utafute tope lililokauka, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una alama ya maji, maana mafuriko kule ni jambo la kila mara. Ya Uingereza mara nyingi ilikuwa na maisha ya raha: kwa miaka mingi kodi ya kule ilihesabu pikapu ya kubeba tani moja kuwa gari la kazi, basi wenye kampuni wakazinunua za viti vya ngozi, wakapelekea watoto shule. Ila Waingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi ile inakula chesisi kimyakimya kuanzia ndani. Chukua bisibisi, gongagonga chesisi sehemu ya nyuma juu ya ekseli. Sauti ya chuma ni chuma. Ikididimia, aga kwa heshima uondoke.

Wenzetu wa Kenya hawaruhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane kuingia, kwa hiyo huko utakuta wengi wanakimbilia mpya, hasa D-Max inayounganishwa Nairobi, kiwanda kilichokuwa cha General Motors hadi Isuzu walipokichukua mwaka 2017. Kwetu la zamani linaingia, ila linaongezewa kodi ya uchakavu. Piga hesabu ya kodi kabla ya bei ya gari.

Injini, msikilizaji, nitaisema kifupi ingawa ndiyo inayoleta mabishano vijiweni. Kuna kizazi cha zamani, akina 3L na 5L kwenye Hilux, na 1HZ kwenye Land Cruiser, ile ya sentimeta za ujazo 4,164. Hazina turbo, hazina kompyuta ya kusumbua, pampu yake inaeleweka na fundi wa chini ya mwembe. Zinakwenda polepole na zinakwenda. Kisha kuna kizazi kipya, tuseme kuanzia D-4D, zenye nguvu, zinazokula mafuta vizuri, zinazosukuma dizeli kwenye nozeli kwa presha inayozidi mara elfu moja ya hewa tunayovuta. Kwa presha hiyo, tone la maji au vumbi ni adui. Uchakachuaji ule wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, ambao mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuukomesha, injini ya zamani iliweza kuuvumilia kwa kukohoa. Hizi mpya hazikohoi, zinakuletea bili ya nozeli nne. Kama unakoenda dizeli inauzwa kwenye madumu, nunua filta kwa wingi, badilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, na umwage maji ya kwenye filta kila mara.

Zile za miaka ya karibuni kutoka Ulaya zina pia chujio la masizi kwenye ekzosi. Linajisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili liyachome gari lazima litembee mwendo mrefu wa kasi. Ukiendesha Mwenge hadi Posta jijini Dar kwenye foleni kila siku, litaziba, taa itawaka, na kijana wa gereji atakwambia "tunalitoa tu, bosi." Kama maisha yako ni foleni na mzigo wako ni mdogo, mimi ningekwambia fikiria hata ya petroli. Ile Hilux ya 2.7 watu wanaikimbia kwa sababu ya ulaji, wakati fedha wanayookoa kwenye dizeli wanairudisha kwa fundi wa nozeli.

Sasa jina. Najua ulikuwa unalisubiri. Nikiwa nakwenda mbali, mahali ambapo gari likifa nalala hapo, nachukua Hilux, na sababu si kwamba haiharibiki. Inaharibika. Ila spea yake ipo Gerezani pale Kariakoo, ipo Mbeya, ipo Sumbawanga, mpya, ya mtumba na ya bandia, na kila fundi ameshaifungua. Ubaya wake ni bei; Hilux iliyochoka inauzwa kama ambayo haijachoka, na wezi nao wanaipenda. D-Max ndiyo ninayompendekezea mtu wa mzigo anayehesabu hela: ngumu, haina makuu, injini ya lita tatu inavuta bila kulalamika, na viti vyake vya nyuma vinavumilika. Ranger ni tamu kuendesha kuliko zote mbili, ile ya silinda tano ya 3.2 ina nguvu ya kiburi, kebini ni pana. Ila ukiwa Mpanda ukahitaji kidude fulani cha umeme, utasubiri basi lilete kutoka Dar. Anayeishi mjini na gereji nzuri asiiogope. Land Cruiser 79 ya milango minne, iliyotoka 2012, ni ya migodi, watalii na taasisi. Inabeba, haifi, inakunywa mafuta, na viti vya nyuma vimesimama wima kama benchi la polisi. Ukiweza kuinunua, huhitaji ushauri wangu.

Makaratasi tusiyapite. Namba ya njano ni gari binafsi, namba nyeupe ni ya biashara. Kubeba saruji yako kwenda kwenye nyumba yako ni jambo moja. Jirani akikulipa umpelekee matofali, umeingia kwenye usafirishaji wa mizigo, kuna leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, na bima inakuuliza gari lilikuwa linafanya nini siku ile. Mwambie wakala wa bima ukweli wa matumizi tangu mwanzo, hata kama kiasi kitapanda. Na watu wapande kwenye viti. Ndani kuna mikanda mitano. Aliyekaa juu ya magunia hana hata mmoja.

Kabla hujatoa hela, fanya majaribio mawili. La kwanza, weka mzigo halisi, mifuko kumi ya saruji ileile, upite njia mbovu uliyoizoea, na uguse breki kwenye mteremko. La pili, mpakize nyuma, kiti cha katikati, mtu mzima ambaye atakaa hapo kweli: mama, shangazi, mjomba mwenye magoti mabovu. Siyo mtoto wa yadi. Nenda naye Kibaha na urudi. Katikati pale chini kuna nundu ya propela, mgongo wa kiti umesimama, na ngazi ya kupandia iko juu kuliko inavyoonekana kwenye picha. Mama mwenye kitenge atakueleza mambo ambayo fundi hawezi kuyapima. Muuzaji akisema hana muda wa kwenda Kibaha na kurudi, mwambie na wewe huna haraka ya kulipa.